Kibali cha Nyumba ya Abdia

Garsen,
Agosti 1999

Kwako dada yangu Bishara,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto wote, na ule mgongo wako uwe umepoa kiasi cha kuinama jikoni bila kumwita mtu aje kukuinua. Huku sisi tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Mwanangu Kassim yuko na ng'ombe malishoni, haonekani nyumbani mpaka aishiwe na sukari. Mto umeshuka, watu wa Idsowe wanapanda mpunga, na mbu wametutesa mpaka tumewazoea. Yule mbuzi uliyeniachia amezaa pacha, na wote wawili wamechukua ukaidi wa mama yao.

Dereva wa lori la ng'ombe ameniambia kwamba ulimuuliza kama ni kweli Galma amemjengea mke mdogo nyumba ya mawe, na kama ni kweli mimi nilikwenda kumshtaki serikalini. Nimeshangaa jinsi maneno yanavyofika Madogo kabla ya ng'ombe. Na kwa kuwa namjua dereva yule, najua ameongeza chumvi mpaka chakula kimekuwa hakiliki. Basi kaa chini, dada, nikueleze mwenyewe, na ukifika pa kunicheka nicheke, lakini usimsomee mtu.

Wewe mambo ya mitara huyajui. Shemeji hajakuletea mtu, Mungu amzidishie akili. Mimi Galma aliponiambia anamuoa Abdia nilisema haya, ni haki yake, dini imemruhusu. Nilipika, nilipokea wageni, nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Wanawake walinisifu kwa moyo wangu mkubwa. Moyo gani, dada! Ndani nilikuwa naungua. Nilimtazama yule msichana, shingo ndefu, meno yote yako mahali pake, hajazaa wala hajabeba maji, nikajiambia kwamba hata kicheko chake kinaniudhi. Na kicheko chake si kibaya. Ndiyo maana kiliniudhi.

Lakini hilo ningelimeza. Lililonikaba ni nyumba. Abdia ni wa kwetu kwa ukoo tu, amekulia hapa mjini. Mama yake ana hoteli ya chai pale stendi, mtoto amezaliwa chini ya bati na amekua chini ya bati. Hajawahi kukunja ufito wala kusuka mkeka wa kulalia hata paka. Na mama yake vilevile, mikono yake imezoea birika. Kwa hiyo siku za harusi zilipokaribia, ikaonekana kwamba bibi arusi hana nyumba ya kumwingizia mume. Unakumbuka sisi, mama alianza kutusukia mikeka hata kabla hatujaota meno ya pili, na kila mmoja wetu aliolewa na nyumba yake, fito zake, kamba zake. Galma aliponioa aliingia katika nyumba yangu viatu mkononi na kichwa chini, maana mlango niliufanya mfupi. Ng'ombe ni wake, nyumba ni yangu. Tukigombana yeye ndiye hutafuta pa kulala. Tukihama, nafungua nyumba yangu mwenyewe, naipakia punda, naisimamisha kule mbele, na yeye anakuja jioni kuuliza kama chai iko.

Sasa mtu huyo, ambaye tangu nimjue hajanishikia hata ncha ya kamba, akasimama mbele ya watu akasema kwamba Abdia asipate taabu, yeye atamjengea. Nyumba ya mawe, bati juu, hapa Garsen, nyuma ya soko, na mpaka iishe bibi arusi akae kwa mama yake. Nilidhani nimesikia vibaya. Eti atamjengea! Dada, nilizaa nikiwa nimetoka kukata fito, na hakuna aliyesema nisipate taabu.

Malori yaliyopeleka ng'ombe Mombasa yakaanza kurudi na mawe ya Malindi. Mimi nilikuwa nauza maziwa upande wa mnada, lakini ghafla nikagundua kwamba wateja wangu wote wako karibu na ile ploti. Kila siku nilipita. Nikaona msingi, nikaona kuta, nikaona madirisha yenye grili za maua. Nikaona Galma mwenyewe, jasho likimtoka, akimshikia fundi kamba ya kupimia. Akimshikia kamba, Bishara! Nilirudi nyumbani kijijini nikaipiga teke ndoo ya maziwa, na maziwa hayo yalikuwa ya kuuza.

Pale sokoni nina rafiki, Mpokomo wa Idsowe anayeuza ndizi, jina lake Bahiya. Huyo hana kitu anachokificha wala anachokiacha. Siku moja nilikuwa nimekaa kwake, macho yangu yako kule kwenye nyumba, akaniambia kwamba nitazame vizuri, kwa maana huenda isifike kwenye bati. Nikamuuliza kwa nini. Akasema mjini mtu hajengi tu kwa sababu ana mawe. Mpwa wake alisimamisha kibanda cha kinyozi, mbao tu na mabati, akaulizwa kibali kiko wapi, hana, na kazi ikazuiwa hadi alipokwenda kuomba. Mimi nilicheka. Nilimwambia sijawahi kusikia mtu mzima anaomba ruhusa ya kujenga nyumba yake mwenyewe. Bahiya akasema hiyo ni huko kwetu kwenye mikeka, hapa kuna kaunti kanseli, wenye mamlaka ya mji.

Kicheko kikanikatikia. Nikajiuliza je, Abdia ameomba? Msichana yule hajui hata bei ya chumvi, ataomba kibali wapi? Nilitembea njia nzima nikiwa mwepesi, na mama mmoja niliyekutana naye akaniuliza kama Kassim amepata mchumba, vile nilivyokuwa nimechangamka.

Kesho yake nilivaa leso uliyoniletea Idd nikaenda ofisini. Nilimkuta bwana mmoja anaitwa Komora, afisa wa mambo ya ujenzi, mtu wa makamo, mpole, hana haraka. Nilimwambia nataka kujua tu, kama mwananchi, ni nyumba gani inayohitaji kibali na ni ipi isiyohitaji. Alinitazama akauliza kama nataka kujenga. Nikasema hapana, nataka kujua. Akanieleza bila kuchoka. Akasema kule vijijini, nje ya mpaka wa mji, nyumba zetu za fito na mikeka hakuna anayeziuliza. Mjini, mtu akitaka kupaka chokaa, kubadilisha mlango, kuziba bati linalovuja, afanye tu. Lakini akianzisha nyumba mpya, akiongeza chumba, akijenga choo, hata akisimamisha kibanda, lazima kwanza alete ramani iliyochorwa, aoneshe ploti ni yake, kanseli ipitishe na bwana afya apitishe, ndipo achimbe msingi. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, na yule aliyejenga bila hayo yote? Akasema ataletewa notisi asimamishe kazi, na akikaidi anaweza kuamriwa abomoe.

Wallahi neno lile abomoe lilinipendeza kama maji baridi. Nikamwambia basi, bwana, iko nyumba nyuma ya soko. Akauliza ni ya nani. Nikajibu bila kufikiri kwamba ni ya Abdia. Ningesema ya nani mwingine? Nyumba atakayokaa Abdia ni ya Abdia, hata angelijengewa na malaika. Jina la Galma halikunijia kabisa, maana sijaona mwanamume mwenye nyumba. Bwana Komora akatazama katika orodha yake ya majina, juu mpaka chini, akasema hakuna Abdia yeyote aliyeomba kibali. Akaahidi kwenda kujionea mwenyewe siku ya mnada.

Hapo ningenyamaza, dada, leo ningekuwa na habari nyingine. Lakini raha ilinizidi. Nilimwambia Bahiya, na kumwambia Bahiya ni sawa na kupanda juu ya gari la matangazo. Nikawaambia wanawake wa maziwa. Nikamwambia hata mama yule anayeuza tumbaku ambaye hatusalimiani. Niliwaambia kwamba nyumba ya Abdia haina kibali na itabomolewa, mawe yatarudishwa Malindi, na mwenyewe atakuja kulala kwenye mikeka kama watu wengine. Siku ya mnada ilipofika, wanawake walikuwa wengi kwa Bahiya kuliko ndizi zake.

Bwana Komora alikuja kwa miguu, faili kwapani. Kazi ikasimama. Galma akatoka ndani, akamsalimu, na mimi nikajibanza nyuma ya mikungu ya ndizi nimeziba mdomo kwa leso. Afisa akasema amepata habari kwamba nyumba hii ya Abdia haina kibali. Galma akakunja uso, akasema hakuna nyumba ya Abdia hapa. Akatoa mfuko wa nailoni chini ya koti, akakunjua ramani. Bwana Komora akaisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasoma kwa sauti kwamba mwenye ploti na mwenye nyumba ni Galma, na mihuri yote iko, ya kanseli na ya bwana afya, tangu kabla ya msingi kuchimbwa. Akapima baraza, akaona ni sawasawa, akamsifu kwamba wangekuwepo wengi wa namna hii mji ungependeza. Halafu akaomba radhi kwa usumbufu, akaondoka. Hakusema ni nani aliyemletea habari. Hakukuwa na haja, maana wanawake wote waligeuka wakanitazama mimi.

Nilitamani ardhi inimeze. Na Galma hakunigombeza. Angenigombeza ningepata la kusema. Alikuja hadi kwenye ndizi, akanitazama, akacheka mbele ya watu, akaniuliza kama nimepata nilichokuwa natafuta.

Lakini sikuwa peke yangu niliyeaibika siku ile. Abdia alikuwa amesimama pale barazani na sinia la chai ya mafundi, amesikia kila neno. Akauliza, kwa ile sauti yake ndogo, kama katika ramani ile jina lake liko mahali gani. Mafundi wakacheka. Galma akasema jina lake la nini, si yeye mume yupo? Abdia akauliza tena, basi nyumba hii ni ya nani. Galma akajibu kwamba ameshasikia, ni yake. Msichana akaliweka sinia chini, taratibu, hakumwaga hata kikombe kimoja, akatoka akaenda kwa mama yake stendi. Kumbe naye dada, pamoja na kukulia chini ya bati, alijua hivyohivyo tunavyojua sisi, kwamba mwanamke huolewa akiwa mwenye nyumba. Alidhani anajengewa yake.

Nilifurahi. Nitakudanganya kwa nini? Nilifurahi siku nzima na ya pili yake. Siku ya tatu Abdia akaja.

Nilikuwa nje nasuka kamba nikamwona anakuja, anatembea polepole, na hapo ndipo nilipotambua kwamba ana mimba. Hilo nalo likanichoma upya. Nilijiandaa kwa ugomvi, nikayapanga maneno yangu yote makali mahali nitakapoyapata upesi. Akasimama mlangoni, hakuingia mpaka nilipomkaribisha. Akakaa, akazungusha macho, akatazama fito zilivyopindwa, mikeka ilivyopandana, kibuyu cha maziwa mahali pake. Akasema hana hasira na mimi. Akasema kama nisingekwenda ofisini angeingia katika nyumba ile kama mgeni asiyejijua kuwa ni mgeni, na siku wakikosana angetolewa na mtoto mgongoni. Amemwambia Galma halali pale mpaka jina lake liandikwe, na Galma amekataa. Akasema hataki kuzaa katika nyumba ya mtu. Kisha akainamisha kichwa akaniomba, kama dada yake mkubwa, nimfundishe kujenga.

Ungekuwa wewe ungelia ukamkumbatia. Mimi nilichofikiri ni kwamba sasa anataka hata hiki kidogo nilicho nacho. Mume amemchukua, ujana anao, tumbo linakua, na nyumba ya mawe anaikataa kama mtu aliyeshiba anavyokataa wali. Na bado macho yake yako kwenye fito zangu! Lakini nilikubali, kwa sababu kukataa kungenitia aibu ya pili. Nilimpeleka kukata fito. Nilimpa zile ngumu makusudi. Alizivunja moja baada ya nyingine, mikono ikatoka malengelenge, nami nikacheka chinichini. Hakulia. Kila siku alirudi. Mikeka ndiyo ilimshinda, maana unajua wewe, mikeka ya nyumba nzima haisukwi kwa mwezi wala miwili, na tumbo lile halikuwa na subira hiyo.

Hapa, Bishara, ndipo barua hii iliponishinda. Nimeianza mara nyingi nikafika hapa nikaikunja. Nimekueleza habari za Abdia na Galma kirefu ili nisifike kwenye yangu. Basi sikiliza. Barua hii naiandika nikiwa ndani ya nyumba ya mawe. Nimehamia mimi.

Ilikuwa hivi. Nyumba ilikwisha, bati likang'aa mpaka mtu anakodoa macho, na hakuna aliyelala ndani. Wanaume wa mnadani wakaanza kumchezea Galma, wakimwuliza kama amejengea popo. Alikuja kwangu akanywa maziwa, halafu akasema mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye nilianza naye akiwa hana hata ndama, na ilikuwa makosa yake kunipita. Akasema nihamie mimi. Dada, hakuwa amemeza maziwa yaliyo mdomoni, mimi nimeshasema ndiyo. Sikuuliza kitu. Niliona tu grili zile za maua, na sakafu ya simiti iliyotiwa rangi nyekundu, na wanawake wa maziwa wakipita kunitazama mimi nikiwa barazani. Bahiya ndiye aliyeniuliza kama nimeandikwa jina. Nikamwambia asiniharibie furaha yangu. Na katika Garsen nzima hakuna mwanamke aliyelijua jambo lile kuliko mimi. Mimi ndiye niliyekwenda ofisini. Mimi ndiye niliyesikia likisomwa kwa sauti.

Na nyumba yangu? Hili ndilo linaloniuma zaidi. Ningeweza kuifungua, nikaiviringisha mikeka nikaja nayo. Lakini wivu haukutosheka na kupata, ulitaka na kuonesha. Nilitaka watu waone kwamba Abdia anavaa makuukuu yangu. Niliwaita wanawake, nikasimama mbele yao, nikafungua kamba ya mkeka wa mlangoni kwa mkono wangu na nikamkabidhi. Na kwetu, ukishamfungulia mwenzio mkeka wa mlango mbele ya watu, huudai tena. Miongoni mwa mikeka hiyo, Bishara, imo ile aliyosuka mama. Walinipigia vigelegele. Abdia aliishika mikono yangu akaibusu, nami nikatazama juu ya kichwa chake nikiwaza madirisha.

Sasa nakaa hapa. Mchana joto la bati linanitoa nje, naketi upande wa kivuli wa ukuta. Siku za zamu yangu Galma anakuja, hawezi kuvumilia ndani, anatandika barazani na kulala mpaka alfajiri, kisha huyo, ameondoka. Siku za zamu ya Abdia, naambiwa, jua linapanda bado hajatoka, eti nyumba ile ina ubaridi mzuri. Ubaridi huo niliutengeneza mimi! Najua kila tundu upepo unapoingilia. Nikisikia yuko kule nakaa hapa kwenye simiti nyekundu naona wivu wa nyumba yangu mwenyewe, na hakuna wa kumwambia isipokuwa wewe.

Juzi Galma alikuja na mgeni, mtu wa bara, anayetaka chumba cha mbele auzie dawa za mifugo. Wakapima ukuta, wakaniomba nisogeze kitanda. Nikamwambia Galma kwamba sitaki duka ndani ya nyumba yangu. Hakupandisha sauti. Alisema kwa upole kabisa, mbele ya yule mgeni, kwamba nyumba ni yake. Tangu mama anizae, mwanamume hajaniambia neno hilo. Nikasogeza kitanda.

Jana nikarudi kwa Bwana Komora. Aliponiona alidhani nimekuja kushtaki nyumba nyingine, akatabasamu. Nikamwambia safari hii nauliza kwa ajili yangu. Nataka kusimamisha nyumba ndogo ya fito na mikeka pale nyuma, kwenye ua, niwe nalala humo. Je, inahitaji kibali? Akanivutia kiti. Akasema ingekuwa kule kijijini nisingemuuliza mtu, lakini ndani ya ploti ya mjini hata hiyo inahitaji, na cha kwanza kabisa mwenye ploti akubali. Akanitazama, akaniuliza kama Galma atakubali. Niliaga nikatoka.

Nilimwomba Galma jana hiyohiyo jioni. Nilisimama mbele yake, mimi Gumato, niliyejenga nyumba kila mahali ng'ombe wake walipokwenda, nikamwomba ruhusa ya kukunja fito. Amesema atafikiria. Anaogopa mikeka itaharibu sura ya nyumba.

Kwa hiyo dada sikuombi pole, sitaki pole. Nataka mikeka. Ukiweza, anza kunisukia huko, nami naanza huku, na Mungu akijalia mgongo wako, uje baada ya mavuno tumalizie pamoja. Nitarudi kijijini hata kama mlango wangu utatazamana na wa Abdia. Jana Bahiya ameniambia kwamba msichana ameongeza ufito upande wa jua, anapanua nafasi ya mtoto. Ameamka tu asubuhi akakata na akapinda. Hakumuuliza mtu.

Nisalimie shemeji, na watoto, na jirani zako wote wanaonikumbuka kwa wema. Wanaonikumbuka kwa ubaya waache. Abdia naye amenituma nikusalimu, anakuita dada. Nimefikisha. Dereva anaondoka baada ya sala ya adhuhuri, basi naifunga hapa. Ukinijibu, mwambie asinitafute kijijini. Aulize nyuma ya soko.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Gumato,
nyumbani kwa Galma.